Laula, Laula, Pappi: Filamu ya Malev na Mizaha ya Padri Henrik

Majira ya baridi ya mwaka 1205 kuingia 1206, katikati ya Riga, palichezwa mchezo wa kuigiza. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, haujatimiza hata miaka mitano tangu askofu Albert auanzishe mwaka 1201. Mchezo ulihusu manabii wa Agano la Kale, ukapambwa kwa kila fahari iliyopatikana, na mkalimani alikuwa pale akiwaeleza wenyeji kila kinachotendeka. Wenyeji hao walikuwa mchanganyiko: waliobatizwa juzijuzi, na ambao bado. Waliitwa waje kuiona dini kwa macho, maana kuisikia tu hakukuzaa matunda mengi.

Ikafika zamu ya Gideoni. Jeshi lake likachomoa silaha, likawashukia Wafilisti. (Ndivyo alivyoandika msimulizi. Biblia inasema Wamidiani, lakini tusimkatize.)

Watazamaji wakatoka mbio.

Ilibidi waitwe kwa upole, watulizwe, warudi kutazama.

Aliyetuachia kisa hiki ni padri Henrik, ambaye Waestonia humwita Läti Henrik. Alifika Livonia, nchi ya pwani ya Baltiki ambayo leo ni Latvia na Estonia, akiwa kijana mwaka 1205, akapadirishwa 1208, na miaka ya 1220 akaandika kwa Kilatini tarekhe ya nchi ile, kwa maana ileile ya tarekhe ya Pate: nani alikuja, nani alipigana, nani alishinda. Kisa cha mchezo anakisimulia kwa tabasamu. Tazameni watu hawa, hawajui hata maigizo ni nini! Kisha anaongeza neno ambalo limenikwama kooni wiki kadhaa sasa. Anasema mchezo ule ulikuwa bishara ya yaliyokuja, kwa sababu ndani yake mlikuwa na vita, na wapagani wa nchi ile nao walikuwa waongolewe kwa vita vingi.

Basi waliokimbia walikuwa wameelewa kuliko mkalimani.

## Jina lenye jeshi ndani

Mwaka 2005 mwongozaji Kaaren Kaer alitoa Malev, filamu ya vichekesho vya kihistoria, Ott Sepp akiwa mhusika mkuu. Imewekwa mwaka 1208: Waestonia wapagani upande huu, Wajerumani wenye msalaba na upanga upande ule. Kisa chake sitakisimulia. Aliyeiona anakijua, na ambaye hajaiona nisimharibie utamu.

Nitakaa kidogo kwenye jina.

Malev ni jeshi la kuitwa, si askari wa mshahara. Henrik alilikuta neno hilo midomoni mwa watu akaliacha kama lilivyo ndani ya Kilatini chake, malewa, sawa na alivyoliacha kilegunda, wilaya. Leo Kaitseliit, jeshi la hiari la ulinzi la Estonia, bado huviita vikosi vyake vya mikoa malev. Tena tangu enzi za Kisovieti neno hilohilo limekuwa la makundi ya wanafunzi wanaokwenda kufanya kazi wakati wa likizo ya kiangazi. Kwa hiyo Mestonia akilisoma bango la filamu ile anawaona kwa mpigo mmoja mababu wenye mikuki, mgambo wa wilaya yake, na vijana waliochafuka udongo wakisubiri chakula cha mchana. Nusu ya mzaha imo kwenye jina, na tiketi bado haijakatwa.

Nusu nyingine imo kwenye uzito wa kinachotaniwa. Miaka ya 1208 hadi 1227 shuleni huitwa muistne vabadusvõitlus, mapambano ya kale ya kupigania uhuru. Mwaka 1868 Carl Robert Jakobson alitoa hotuba akaigawa historia ya taifa lake mafungu matatu: nuru kabla ya Wajerumani, giza baada yao, na mapambazuko yanayoanza. Lembitu, mzee wa Lehola aliyeuawa vitani karibu na Viljandi tarehe 21 Septemba 1217, akageuka shujaa wa taifa, jina la watoto wa kiume, hatimaye chombo cha vita: nyambizi Lembit, iliyoundwa Uingereza na kushushwa majini mwaka 1936, ambayo sasa imepumzishwa ndani ya jumba la makumbusho Tallinn.

Kumtania mtu aliyekwisha kuwa nyambizi kunataka moyo.

Ila kinachonikera hakiko hapo. Taifa lolote lenye afya huwatania mashujaa wake. Kinachonikera ni kwamba karibu kila tunachokijua cha miaka ile kimepitia kalamu ya padri mmoja wa upande ulioshinda, naye tayari alikuwa amewacheka. Mwenye kutengeneza vichekesho juu ya Waestonia wa mwaka 1208 anaongeza nini? Au anakirudia tu kicheko cha Henrik, safari hii kwa rangi na muziki?

## Kamba za meli

Ili kulijibu swali inabidi mtu aifungue mizaha yenyewe, mmoja mmoja, kama fundi anavyofungua saa.

Miaka ya 1180 mtawa Meinhard, aliyetoka Segeberg, alifika bonde la mto Daugava. Baada ya Walithuania kuipora nchi, akafanya mapatano na Waliv, wenyeji wa bonde hilo, katika kijiji cha Üxküll: nitawajengea ngome ya mawe, nanyi mtabatizwa. Waashi wakaletwa kutoka kisiwa cha Gotland. Baadhi ya Waliv walibatizwa kazi ikianza, wengine wakaahidi. Ngome ikasimama. Waliobatizwa wakaiacha dini, walioahidi wakaikana ahadi.

Hapo wakaja majirani, Wasemigali, wamebeba amari za meli, zile kamba nene za nanga. Nia yao ilikuwa kuizungushia ngome kamba na kuivutia mtoni. Henrik anawaita wajinga, na sababu anaitaja: hawakuijua chokaa. Walidhani mawe yamepangwa tu.

Mtu aliyekulia Lamu au Kilwa, akanusa moshi wa matumbawe yanayochomwa kwa ajili ya chokaa, atacheka haraka. Asubiri kidogo. Ngome za nchi ile zilikuwa za magogo na udongo. Mawe yasiyo na kiungo yanaporomoka ukilivuta jiwe moja la chini, kwa hiyo jaribio la kamba ni jaribio la mtu anayejua vitu vinavyoangukaje. Na chokaa haikomai kwa siku mbili tatu. Inahitaji hewa na muda mrefu, miezi na zaidi kwenye ukuta mnene, na ukuta mbichi uliojengwa karibu na mto wenye ukungu huchelewa zaidi. Hesabu yao haikuwa ya kipuuzi hivyo. Kilichowaponza ni umbali: ili uifunge ngome kamba lazima uifikie, na juu yake walikaa wapiga mishale wenye pinde za mtambo. Wakajeruhiwa, wakaondoka.

Mwongozaji wa vichekesho anayeonyesha watu wakivuta kamba huku wakianguka kifudifudi amemfuata Henrik. Anayewaonyesha kwanza wakibishana fundo la aina gani litashika kwenye kona, nani avute, na ngome ikidondokea mtoni itaziba njia ya samaki au vipi, huyo ameanza kutengeneza kitu kingine.

## Mungu juu ya farasi

Kisa cha Theodoric ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mtawa huyu alilima shamba huko Turaida. Mvua zikaharibu mashamba ya Waliv, lake likastawi. Wakashauriana wamtoe kafara kwa miungu yao. Lakini watu wa utaratibu hawaui mtu hivihivi, kwanza huuliza. Ukalazwa mkuki chini, akaletwa farasi auvuke. Kuna mguu wa uhai na mguu wa mauti, na utakaotangulia ndio jibu.

Farasi akatanguliza mguu wa uhai.

Mpiga ramli akapinga matokeo. Akasema Mungu wa Wakristo amekaa mgongoni mwa farasi na ndiye anayemsogeza mguu, kwa hiyo mgongo upanguswe ili adondoke.

Mgongo ukapanguswa. Farasi akaletwa mara ya pili. Mguu wa uhai tena.

Theodoric akaachwa hai. Henrik anakisimulia kisa hiki kama ushahidi wa mkono wa Mungu, na wasomaji wa baadaye wamekisoma kama ushamba mtupu. Mimi ninachokiona ni kikao cha watu wanaoheshimu kanuni. Palitokea hitilafu, ikatajwa sababu, ikaondolewa, jaribio likarudiwa, na matokeo ya pili yakakubaliwa ingawa hakuna aliyeyataka. Mwamuzi gani wa mpira angefanya vizuri zaidi? Halafu ona walivyomkubali Mungu wa mgeni: hawakusema hayupo. Walisema yupo, ana uzito, na anaweza kuteleza.

Huyuhuyu Theodoric alipotumwa Estonia, jua lilipatwa siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na wenyeji wakasema analila. Nusura wamuue. Maskini, alinusurika farasi akaponzwa na mwezi.

## Maji yaingiayo, maji yatokayo

Tarehe 24 Julai 1198 Berthold, askofu wa pili baada ya Meinhard, aliuawa vitani. Wasaksoni, Wajerumani aliokuja nao, wakalipiza kisasi, wakabatiza watu kwa makundi, kisha wakatweka tanga kurudi kwao. Meli hazijafika mbali, Waliv wakatoka kwenye nyumba zao za kuogea, wakajimwagia maji ya Daugava, wakasema wanautoa ubatizo kwa maji ya mto na kuurudisha ulikotoka. Juu ya tawi la mti mmoja Msaksoni alikuwa amechonga kichwa cha mtu. Waliv wakakidhania kuwa ni mungu wa Wasaksoni, mleta mafuriko na tauni. Wakapika pombe ya asali, wakanywa, wakafanya shauri. Wakakitoa kichwa mtini, wakafunga magogo wakapata chelezo, wakakipakia, wakakisukuma kiwafuate wenyewe kwenye njia ya Gotland.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Kwa muda mrefu nilikisoma kisa cha kujisafisha ubatizo kama kila mtu anavyokisoma: kichekesho cha watu walioichukulia sakramenti kama tope. Lakini ni nani aliyewaambia kwamba maji yanatenda? Wahubiri wenyewe. Mafundisho kabla ya ubatizo yalikuwa mafupi, yamepitia kwa mkalimani, mara nyingi baada ya kijiji kuchomwa moto. Kilichobaki kichwani mwa mtu aliyesimama foleni ni tendo lenyewe: ulikuwa huna, umemwagiwa, sasa unacho. Kama maji huingiza, kwa nini maji yasitoe? Mwanateolojia ana jibu lake, na ni jibu refu. Foleni haikuwa na nafasi ya jibu refu.

Na walikuwa na mpangilio. Mwaka 1223, Waestonia walipoasi nchi nzima, Henrik anaeleza walichofanya. Waliwarudisha wake waliokuwa wamewaacha kwa amri ya kanisa. Waliwafukua maiti wao makaburini wakawachoma moto kwa desturi ya zamani. Walijiosha wenyewe, wakaosha na nyumba, kwa maji na mafagio.

Soma tena orodha hiyo. Ndoa, wafu, mwili, nyumba. Mtu asiyeelewa Ukristo umebadilisha nini maishani mwake hawezi kuitengua kwa usahihi huo. Fagio ndilo linalotuchekesha, nalo lilikuwa la mwisho kwenye kazi iliyopangwa.

## Mtambo uliorusha nyuma

Sasa nije kwenye mitambo, kwa sababu hapa Henrik mwenyewe, pasipo kutaka, anaulipua mzaha wake.

Mwaka 1206 Warusi wa Polotsk waliizingira ngome ya Holm mtoni Daugava. Waliuona mtambo wa Wajerumani wa kurushia mawe, ule ambao wasimulizi wa kisa cha Nabii Ibrahim huuita manjaniki, wakaunda wa kwao mdogo. Mawe yakarushwa nyuma, yakawajeruhi wenyewe.

Kosa hilo lina ufundi wake. Manjaniki ya kuvutwa kwa mikono ni mti mrefu uliopitishwa kwenye mhimili, upande mmoja mfupi, upande mwingine mrefu. Upande mfupi una kamba za kuvuta watu. Upande mrefu una kombeo lenye jiwe: ncha yake moja imefungwa, nyingine imening'inizwa kwenye msumari ili ichomoke yenyewe. Watu wanavuta kwa pamoja, mti unainuka kutoka nyuma kuja mbele, kombeo linazunguka, ncha inachomoka. Kila kitu kinategemea lini inachomoka. Ikichelewa, jiwe linapiga ardhi mbele ya mtambo. Ikiwahi, jiwe bado linapanda, halijaanza kwenda mbele, kwa hiyo linaruka juu au nyuma. Tiba ni kupinda msumari kidogo au kubadili urefu wa kombeo, kisha kujaribu tena kwa jiwe la uzito uleule. Mtu aliyeuona mtambo kwa mbali, umesimama, anaweza kunakili mti, mhimili na kamba vyote sawasawa, akakosa pembe ya msumari.

Mbele ya kamera tukio hili halihitaji maneno. Watu wanavuta, wanatazama mbele, wanangoja jiwe litue, halitui. Kimya. Mmoja anaangalia juu.

Lakini endelea kusoma hadi mwaka 1222. Mfalme Valdemar II wa Denmark alifika kisiwa cha Saaremaa akaanza kujenga ngome ya mawe, akaacha kikosi akaondoka. Wadenmark walikuwa wamewapa watu wa Varbola, bara, mtambo mmoja wa kurushia mawe. Watu wa Saaremaa wakatuma wajumbe Varbola. Hawakwenda kupiga porojo, walikwenda kuusoma ufundi: unavyofungwa, unavyovutwa, na bila shaka ule msumari. Wakarudi, wakaunda mitambo 17. Wakairushia ngome mawe siku tano mfululizo. Wadenmark waliokuwa ndani hawakuwa na nyumba wala pa kujikinga, ujenzi ulikuwa haujaisha. Wakasalimu amri. Wachache wakabaki rehani, wengine wakaachiwa waondoke. Ngome ikabomolewa hadi msingi, na ufundi ukasambazwa kwa Waestonia wa wilaya nyingine.

Kumi na saba dhidi ya mmoja.

Henrik hapa hacheki. Na hapa ndipo mtengeneza filamu anapopata nafasi yake, maana kisa cha Holm na kisa cha Saaremaa ni kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho: anayechekwa kwa kunakili vibaya, na anayekwenda kunakili vizuri. Vichekesho vya kihistoria vinavyotegemea watu wa kale kusema misemo ya leo huchosha baada ya dakika ishirini. Vinavyotegemea kazi, kamba, magogo na makosa ya mikono hudumu, kwa sababu mikono haijabadilika.

## Mbio za maji ya baraka

Uwanja mpana kuliko yote ni miaka ya 1219 na 1220, na nashangaa kila ninapoukumbuka kwamba hauhitaji kutiwa chumvi.

Juni 1219 Wadenmark walishuka Lindanise, pale palipo Tallinn leo. Waestonia wakavamia kambi jioni, wakamuua askofu Theodoric hemani mwake wakidhani ni mfalme. Ndiye yuleyule wa farasi. Safari hii hakuna aliyeupangusa mgongo. Wadenmark wakashinda hata hivyo. Kuanzia hapo wakawa mafahali wawili katika zizi moja: Riga ya Wajerumani na Denmark, wote Wakatoliki, wote wakiidai nchi. Na hoja ya kuidai ilikuwa moja: nani kambatiza nani.

Yakawa mashindano ya mbio.

Henrik mwenyewe alikuwa mkimbiaji. Pamoja na padri Peter Kaikewalde alizunguka vijijini, fundisha, mwagia, songa mbele. Wadenmark walikuwa na mapadri wachache, wakabuni njia ya mkato: waliamuru misalaba mikubwa ya mbao isimamishwe vijijini, na maji ya baraka wakawapa wakulima wayabebe, wawanyunyizie wanawake na watoto hata kabla padri hajafika. Henrik anaungua kwa hasira akiandika haya. Kwake ni wizi wa shamba la mizabibu lililopandwa na watu wa Riga. Msomaji anaweza kumwona mkulima yule njiani, ndoo mkononi, akihofia maji yatamwagika kabla ya kijiji cha tatu, na hajui kama ayaongeze ya kisimani.

(Hilo la kisima ni langu. Henrik hasemi.)

Katika safari hizo walifika kilima chenye msitu mzuri huko Virumaa, kaskazini-mashariki mwa Estonia, ambako wenyeji walisema ndiko alikozaliwa Tharapita, mungu mkuu wa Saaremaa, akaruka kwenda kisiwani. Padri mwenzake Henrik akazikatakata sanamu zilizokuwapo. Watu wakastaajabu kwamba hazikutoka damu. Na mtu mmoja wa Virumaa, Kyriawan, aliomba apewe mungu mwema, maana aliyekuwa naye hadi siku ile alikuwa mbaya mno, hakuna kitu kilichomnyookea. Sijasoma sababu ya kuokoka iliyo ya kweli kuliko hiyo.

## Pale mzaha unapokatika

Tabelin alikuwa mzee wa Virumaa. Alikwisha kubatizwa zamani huko Gotland, na sasa akapatana na watu wa Riga, akamtoa mwanawe rehani kwao. Wadenmark walipopata habari, wakamnyonga.

Kosa lake ni kukubali ubatizo kwenye dirisha lisilo lao.

Filamu ya vichekesho ikifika hapa inabidi iamue, na hapa ndipo nyingi huanguka. Zinaendelea kuchekesha kana kwamba kitanzi nacho ni ndoo, au zinabadilika ghafla kuwa hotuba yenye zumari za huzuni. Hakuna njia kati ya hizo iliyo sawa na uamuzi wa Henrik mwenyewe: yeye anataja kitanzi kwa sentensi moja, halafu anarudi kuhesabu vijiji.

Na usidhani ukatili ulikuwa wa upande mmoja. Mwaka 1223 Waestonia wa Sakala walimkamata Hebbus, liwali wa Wadenmark, wakamtoa moyo angali hai, wakauchoma motoni, wakagawana na kuula ili wapate nguvu dhidi ya Wakristo. Mwaka huohuo huko Tartu walimkamata padri Hartwig. Akawekwa juu ya fahali mnono, maana naye, Henrik anasema, alikuwa mnono vilevile. Ikapigwa kura miungu inamtaka yupi.

Ikamwangukia fahali.

Ukikaa na tukio hili utaona kwa nini ni gumu. Padri amekaa juu ya mnyama na wote wawili wanasubiri majibu. Anayesimulia anatuambia tucheke unene wa mwenzake, huku anajua wengine katika uasi uleule hawakupata bahati ya kura. Ni mzaha wa mtu aliyenusurika. Siamini kama kuna mwigizaji anayeweza kuucheza sawasawa bila kwanza kuogopa kikweli.

## Maneno matatu ya Kiestonia

Mwaka 1208, mwaka uleule wa Malev, Waestonia waliishambulia ngome ya Beverin ya Walatgali, majirani waliokuwa upande wa Wajerumani. Mapigano yakiwa yamepamba moto, padri mmoja akapanda juu ya boma akaanza kupiga ala na kuimba sala. Wengi wanaamini ni Henrik mwenyewe. Waestonia hawakuwahi kusikia sauti ya namna ile nchini kwao. Wakasita, wakaacha kupigana, wakauliza furaha hiyo inatoka wapi.

Miaka saba baadaye, 1215, watu wa Saaremaa walimteka padri Frederick wa Celle karibu na mdomo wa Daugava. Walimtesa hadi kufa, naye akiomba na kuimba. Henrik ametunza maneno waliyomwambia huku wakimpiga, na hakuyatafsiri kwanza, aliyaandika kwa lugha yao:

Laula, laula, pappi.

Imba, imba, padri.

Ni miongoni mwa sentensi chache mno za Kiestonia zilizofika kwetu kutoka karne ile, na ni kejeli. Hilo ndilo lililonifungua. Nilikuwa nimeuliza kama filamu kama Malev inarudia kicheko cha mshindi, kana kwamba walioshindwa walikuwa wakichekwa tu na hawana chao. Wanacho. Kinatisha, hakistahili kupambwa, lakini ni sauti yao, na mwandishi wa Kilatini alishindwa kuigeuza Kilatini. Muswada wa vichekesho juu ya miaka ile una maneno hayo matatu kama mtaji. Mengine yote, jinsi Lembitu alivyomtania jirani yake, walivyozomeana wakati wa kufunga kamba, aliyesema nini chelezo lilipoondoka na kile kichwa, inabidi yabuniwe. Henrik hakuwepo kwenye pombe ya asali.

Januari 1227 jeshi la watu wapatao 20,000, kwa hesabu ya Henrik, lilivuka bahari iliyoganda kwenda Saaremaa. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya barafu ikaganda upya, laini kama kioo. Farasi wakaanguka, watu wakaanguka, wakainuka wakaanguka tena, na kishindo cha kwato, silaha na sleji kilikuwa kama radi. Ngome ya Muhu ikatekwa, ya Valjala ikasalimu amri. Tharapita akafukuzwa, wakabatizwa maelfu, mapadri wakichoka mikono, na Henrik analia kwa furaha. Tarekhe yake inaishia hapo.

Nyaraka zinaendelea. Mkataba wa mwaka 1241 kati ya watu wa Saaremaa na watawala wao una kifungu juu ya atakayetambika kwa desturi ya kipagani: nusu marki ya fedha kwa aliyetambika, nusu nyingine kwa aliyemtuma atambike.